Bi Maftaha na Mkufu wa Sultani

Kilwa Kivinje hakuna bibi harusi anayetolewa bila Bi Maftaha kumtia mkono. Hata mabinti wanaopambwa saluni kule Masoko, wakabandikwa kope na kupakwa unga wa kumeremeta mpaka mashavu yanawaka, mwishoni hutuma watu mbio: nendeni mkamwite Bi Maftaha aje atuvishe vyombo vya fedha. Naye huja na sanduku lake kichwani, anaingia chumbani kwa kishindo, anafukuza wote wasio na kazi, kisha anaanza kuimba.

Si mzaliwa wa pwani. Alizaliwa Likawage, ndani huko, kwa wazazi waliolima ufuta na mahindi, na mpaka anavunja ungo hajawahi kugusa pambo zaidi ya shanga za plastiki. Alipoolewa Kivinje na Yunusu, fundi baiskeli, alimkuta mama mkwe wake, Bi Mwanahamisi, ndiye mpambaji wa mji. Bi Mwanahamisi hakuwa na binti. Akamtazama yule mkamwana wa shamba, akaona vidole vyake vyepesi na mdomo wake usiochoka, akamfungulia sanduku.

Humo ndimo Bi Maftaha alimosomea. Alifundishwa kuijua fedha kwa pua, kwamba shaba inanuka mkononi na fedha hainuki. Alifundishwa kuisugua kwenye kitambaa cheupe ili aone weusi wake, kuigonga na kusikiliza mlio, kutazama kingoni ambako rangi ya kupaka huanza kubanduka. Alijifunza kuisafisha kwa ukwaju na majivu laini. Na alijifunza kisa cha mkufu wa Sultani.

Mkufu wenyewe ulikuwa mrefu na mzito, umesukwa kama ukili wa mkeka, na chini yake zilining'inia sarafu ndogo nyembamba zilizolia kila mvaaji alipopumua. Kila mwisho wa mkufu ulikuwa na kibamba chenye nakshi ya ua, na kwenye kibamba, ndoana. Bi Mwanahamisi aliuvalisha kiunoni, juu ya gauni, zile ndoana kazibana na pini mbili ubavuni. Alisema ulikuwa wa mke wa Sultani, aliyepita Kilwa safarini akapokewa vizuri na wanawake wa Kivinje, akauvua na kuwaachia.

Bi Mwanahamisi alipofariki, sanduku likabaki kwa Bi Maftaha, na kisa pia. Lakini kisa mikononi mwa Bi Maftaha hakikutulia. Mwaka mmoja mke wa Sultani alikuwa amechafukwa na bahari, akapewa chai ya tangawizi. Mwaka uliofuata akawa mjamzito. Baadaye akawa amejifungulia Kivinje, mtoto wa kiume, na mkunga akawa bibi yake nani sijui, na mabibi harusi wakisikiliza huku wanapakwa wanja wanasahau hata kulia. Wakitoka nje na mkufu unalia kiunoni, wanatembea kama kweli wametoka ikulu. Kuanzia Songo Mnara mpaka Kilangala, binti akichumbiwa, mama yake huuliza kwanza kama mkufu wa Sultani uko huru tarehe hiyo.

Mambo yakawa hivyo mpaka harusi ya Naima.

Naima aliolewa mwezi wa mavuno ya korosho, watu wamechangamka. Wanawake walijaa uani kwa kina bibi harusi, wamekaa mikekani, masinia ya pilau yanazunguka. Joyce, muuguzi wa hospitalini, mtu wa Lindi mwenye asili ya Umakondeni na jirani yetu sisi sote, alikuja na mgeni. Mgeni huyo aliitwa Rima, daktari wa macho, aliyefika na timu iliyokuwa ikiwatoa wazee mtoto wa jicho. Kwao ni Palestina, mji wa Bethlehemu. Alikuwa amekwishafanya kazi Tanga na Dar, kwa hiyo Kiswahili alikijua, ila kilimtoka vipande vipande, na pale kilipokwama alitia Kiarabu, na mara nyingi ikawa ni neno lilelile.

Naima akatolewa. Vigelegele vikapaa. Daktari Rima alikuwa na tonge la pilau mdomoni. Alipouona ule mkufu kiunoni mwa bibi harusi, alisimama wima, macho yamemtoka, akaanza kujipigapiga chini ya kidevu.

"Hapa!" alisema. "Hapa! Hapa!"

"Mfupa umemkwama!" mtu akapiga kelele.

Wanawake wakamvamia. Mmoja akampiga ngumi za mgongo, mwingine akamsukumia ndizi mdomoni ameze nayo, wa tatu akamwinua mikono juu. Daktari akawa anakohoa na kucheka na kutikisa kichwa, na kadiri alivyotikisa ndivyo walivyozidi kumtwanga, mpaka Joyce alipojipenyeza katikati na kuwaomba wamwache azungumze.

Alipopata pumzi alimwambia Joyce, na Joyce akasema kwa sauti, bila kufikiri: "Anasema mkufu huu ni wa kwao. Mama wa bibi yake alikuwa na wa namna hii. Anasema hauvaliwi kiunoni. Unatundikwa kwenye kofia, ndoana huku na ndoana huku, unapita chini ya kidevu."

Kisha mama mmoja mwenye ulimi akasema, "Kumbe miaka yote hii tunamvisha bibi harusi kidevu kiunoni!"

Kicheko kilichofuata kilisikika msikitini. Bi Maftaha naye alicheka, lakini kwa meno tu. Aliikamilisha kazi yake, akamweka Naima sawa kwenye kiti, akarekebisha ushungi, akala matonge mawili matatu ya adabu, na vyombo vilipovuliwa akavifunga na kwenda zake.

Yunusu alimkuta amekaa jikoni, sanduku mapajani.

"Umekasirika?" alimwuliza.

"Sijakasirika. Nimenuna."

"Kwa sababu ya yule daktari?"

"Yule mtoto hana kosa. Ila kanivunjia Sultani wangu mbele za watu. Kesho nitamwambia nini bibi harusi? Kwamba huu mkufu ni wa kidevu, basi?"

Yunusu akavuta kigoda, akaketi. Akamwomba chai.

Asubuhi yake Joyce na daktari Rima wakapiga hodi, wameshika halua. Joyce aliamkia, "Shikamoo, Bi Maftaha," na daktari akaamkia vilevile, na mkono kauweka kifuani.

"Marahaba. Karibuni," akajibu Bi Maftaha, akiwatandikia mkeka bila tabasamu.

"Nimekuja kuomba samahani," alisema daktari. "Jana mimi sikufikiri. Niliona, nikafurahi, mdomo ukaenda mbele."

Bi Maftaha alimtazama. Binti alikuwa na macho mekundu ya mtu ambaye hakulala vizuri, na kifundo cha mkono kilikuwa na alama ya kubanwa na mama mmoja katika lile zoezi la kutoa mfupa. Bi Maftaha alipoiona, akajikuta anacheka, safari hii kwa tumbo lote.

"Mgongo vipi?" alimwuliza.

"Unauma!" alisema daktari, na wote watatu wakacheka.

Basi sanduku likafunguliwa. Bi Maftaha akatandaza kanga nyeupe mkekani, akapanga kila kitu juu yake: bangili, vikuku, vipuli, hirizi za fedha, mafurungu ya miguuni.

"Fidda," alisema daktari, akishika bangili.

"Fedha," alisema Bi Maftaha.

"Sunduq."

"Sanduku."

"Arusa."

"Arusi! Wee, Joyce, huyu mtu ni wa hapahapa."

Daktari alieleza kwamba ndugu wa babu yake alikuwa sonara Bethlehemu, na utotoni yeye alikuwa akikaa chini ya meza yake kuokota vipande. Hakujua kila kitu. Alichukua furungu moja zito akasema kwa uhakika kwamba nalo ni la kwao, kutoka vijijini.

"Hapana, mwanangu," akasema Bi Maftaha. "Hilo alilifua sonara Mhindi aliyekaa mtaa wa sokoni, mimi nilimkuta yuko hai. Ona hapa ndani, alama yake. Kila chombo chake alikipiga chapa ya jani."

Daktari alitazama, akainamisha kichwa kukubali. Hirizi moja, iliyokuwa kama kasha refu la mviringo lenye vikengele, ikawasumbua wote wawili. Daktari alisema kwao ziko kama hizo. Bi Maftaha alisema Oman ziko, Zanzibar ziko, hata Lamu ziko. Waligeuza, wakagonga, wakanusa. Mwishowe wakakubaliana kwamba hawajui, wakaiweka kando.

Ikafika zamu ya mkufu. Daktari hakuugusa kwanza. Alimwonyesha Bi Maftaha picha kwenye simu: mwanamke mnene amekaa kwenye kiti, kavaa kofia ndefu ngumu iliyofunikwa mtandio mweupe, na chini ya kidevu, kutoka upande hadi upande, sarafu zimejipanga.

"Mama wa bibi yangu," alisema. "Mwanamke akiolewa, mkufu huu ni mali yake. Mume hagusi."

Bi Maftaha aliikuza picha, akatazama, akarudisha simu. Akauchukua mkufu, akaenda nao dirishani penye mwanga, akaugeuza. Sisi tunaomjua tunajua kwamba Bi Maftaha haamini picha. Anaamini kulika. Chombo hulika pale kinapoguswa na pale kinapobeba uzito, hivyo ndivyo alivyofundishwa. Akazitazama ndoana. Zote mbili zilikuwa zimekuwa nyembamba mahali pamoja tu, kwenye tao la juu, kama kamba ya kisima inavyolika pale inapopita kwenye gogo. Uzito ulikuwa umening'inia toka juu, tena kwa miaka mingi sana, kabla ya pini za Bi Mwanahamisi. Akaugeuza mgongo wa mkufu. Katikati palikuwa laini kama kokoto ya mtoni, pamesuguliwa na ngozi. Miisho bado ilikuwa na makali. Mkufu wa kiunoni ungelainika kote sawasawa.

"Ni wa kidevu," alisema, taratibu. "Mkono wangu umeushika huu mkufu zaidi kuliko ulivyoshika mkono wa mume wangu, na sikuwahi kuziangalia ndoana."

"Na tazama sarafu," alisema daktari, akisogea. "Hii mistari iliyojikunja kama ua. Ni jina. Ni sahihi."

"Ya nani?"

"Ya mfalme wa Waturuki, wa Istanbul. Zamani yeye alitawala kwetu. Alikuwa... mnasemaje, Sultani."

Bi Maftaha aliruka kama aliyeumwa na siafu.

"Sema tena!"

"Sultani."

"Joyce, umesikia? Yunusu! Yunusu, njoo huku usikie! Ni wa Sultani! Jina lake limo! Walinicheka jana, leo nani anacheka?" Akarudi mkekani akicheza, vyombo vinarukaruka juu ya kanga, na daktari Rima akampigia makofi.

Ila swali moja likabaki. Mkufu wa Bethlehemu ulifikaje Kivinje? Aliyebaki hai wa kuulizwa alikuwa Bi Somoe, mdogo wake marehemu Bi Mwanahamisi, anayekaa nyumba ya tatu. Wakamwendea. Walimkuta anachambua mchele, redio iko juu kwa sababu masikio yake hayasikii vizuri, na ikabidi Bi Maftaha aizime ndipo asikike.

"Mke wa Sultani?" alisema Bi Somoe baada ya kuelezwa. "Mke wa Sultani gani aje Kivinje kufanya nini? Dada yangu alipenda makubwa. Mkufu huu mama yetu alitoka nao Makka."

"Makka!"

"Alipokwenda kuhiji. Walipanga nyumba moja na mwanamke wa Shamu, akaugua homa, wenzake wakawa wazee wenyewe hawajiwezi. Mama akamwuguza. Akampikia uji, akamfulia nguo, wanasema hawakuwa wanaelewana lugha zaidi ya kuomba dua pamoja. Yule alipopona akauvua mkufu akamvisha mama, na mama alikataa, na yule akalia mpaka mama akakubali." Bi Somoe alirusha kokoto nje ya ungo. "Alisema kwao ni karibu na pale alipozaliwa Nabii Isa."

Daktari Rima alikuwa anamsikiliza mdomo wazi. Joyce alimshika bega.

"Na wewe miaka yote hii hukusema?" Bi Maftaha aliuliza.

"Hamkuniuliza. Halafu kile kisa cha yule mke kujifungua kilikuwa kizuri. Mimi mwenyewe nilikuwa nakuja harusini kukisikiliza." Akaionyesha redio kwa kidole. "Niwashie."

Waliporudi nyumbani, Bi Maftaha aliuchukua mkufu kwa mikono miwili akamwekea daktari mapajani.

"Chukua, mwanangu. Urudi kwao."

Daktari alikaa nao muda, anazihesabu sarafu kwa kidole kama anayesoma tasbihi. Kisha akatikisa kichwa.

"Yule mwanamke aliutoa," alisema. "Alilia mpaka ukapokelewa. Mimi siwezi kuchukua alichotoa yeye. Ila nivalishe. Mara moja tu, nimpigie mama picha."

Hapo Bi Maftaha akawa kazini. Kofia ndefu ya Bethlehemu angeitoa wapi? Akapekua kabatini, akatoka na kofia ya Yunusu ya Ijumaa, ile ya vito, vitundu vidogo vilivyodariziwa kwa mkono. Akamvisha daktari, akaifunika na mtandio wake mweupe, akatundika ndoana huku, akatundika huku. Mkufu ukashuka chini ya kidevu ukatulia, sarafu zote zikatazama mbele, hakuna pini iliyohitajika. Bi Maftaha alirudi nyuma hatua kadhaa, akaweka mkono mdomoni.

"Kumbe ulikuwa unasubiri kuwekwa vizuri," alisema.

Joyce akapiga picha. Haikuchukua muda simu ikaita, uso wa mama yake daktari ukajaa kwenye kioo, na kabla ya salamu yule mama akapiga kigelegele kirefu, cha nguvu. Bi Maftaha hakukawia. Akajibu kwa chake. Majirani wakadhani kuna mtoto amezaliwa, wakamiminika uani, nao wakapokea. Ikawa Bethlehemu wanapiga, Kivinje wanajibu, hakuna anayesema neno.

Katikati ya hayo Yunusu alitokea mlangoni, kanzu imenyooka, udhu amekwishachukua.

"Jamani, adhana imelia. Kofia yangu iko wapi?"

Wote wakamgeukia daktari. Yunusu akatazama kofia yake imekaa juu ya kichwa cha mgeni, imetundikwa fedha masikioni, akafikiri kidogo, akavuta kofia ya zamani msumarini, akaenda kuswali.

Timu ya macho ikamaliza kazi, daktari Rima akaaga. Bi Maftaha akashona kofia ngumu ya kitambaa chekundu kwa kufuata ile picha, akaijaribu kichwani kwa mabinti watatu wa mtaa mpaka ikakaa. Mabibi harusi wengine waliipenda, na mmoja wa Songo Mnara aliikataa kabisa, akataka mkufu kiunoni kama alivyovaa mama yake. Walibishana, kisha Bi Maftaha akachukua pini zake akambana kiunoni, akisema harusi ni yake, akitaka hata auvae mguuni.

Kilichomshangaza kilitoka Lindi. Mdogo wake Joyce, Justa, alikuwa anaolewa na Benedikto, kanisani, na Joyce alikuwa amemsimulia yote. Justa akampigia Bi Maftaha simu mwenyewe.

"Bi Maftaha, shikamoo. Eti mkufu umetoka Bethlehemu kweli?"

"Marahaba, mwanangu. Kweli kabisa. Nina mashahidi."

"Basi mimi siolewi bila huo mkufu."

Bi Maftaha hakuwahi kumpamba bibi harusi wa kanisani. Alifika Lindi na sanduku na wasiwasi, hajui gauni jeupe linafungwaje wala shela la namna ile linakaaje juu ya kofia. Mabinti wa kupamba walimpisha. Aliweka kofia chini ya shela, akatundika ndoana, akasimulia. Alisimulia kwa ukamilifu: homa ya yule mwanamke wa Shamu, uji, dua, machozi, Sultani wa Istanbul na sahihi yake kama ua. Justa akasikiliza huku kashika mkono wake. Kisa hiki hakikuhitaji kuongezwa chochote, ingawa katika uji Bi Maftaha alitia nazi kidogo.

Kanisani babu yao Justa, Mzee Eusebio, hakuweza kukaa. Alipita kutoka benchi hadi benchi, akinong'ona kwa sauti iliyofika mpaka madhabahuni: "Kitu cha Bethlehemu hicho. Pale penyewe. Mjukuu wangu kavaa kitu cha Bethlehemu." Wazee wa kutoka Umakondeni walinyoosha shingo. Bibi harusi alipogeuka kutoka nje na mumewe, sarafu zikalia katika kanisa lililotulia, na mwanamke mmoja akaachia kigelegele, na padri mwenyewe akatabasamu.

Ukumbini ikawa zamu ya keki. Benedikto akakata kipande, akakisogeza mdomoni mwa mkewe, kipande kikagonga mkufu, krimu ikajaa kwenye sarafu. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Bi Maftaha aliinuka alipokuwa amekaa, akapanda jukwaani bila kuitwa, akauinua mkufu kwa kidole kimoja.

"Haya, mlishe sasa," akamwambia Benedikto. "Mimi nimekushikia."

Justa akafungua kinywa, akala. Bi Maftaha akazifuta sarafu kwa ncha ya kanga yake, moja baada ya moja, akaonja krimu iliyobaki kidoleni, akauliza kama keki ile wameoka wenyewe au wamenunua.